Dansi Lililotoka Ukumbini Likaingia Matangani

Kila zinapokaribia likizo za shule, viongozi wa utawala na wa makanisa katika kaunti ya Kakamega hurudia onyo lile lile dhidi ya disko matanga, yaani muziki wa spika kubwa unaopigwa usiku kucha katika boma lenye msiba, vijana wakicheza huku michango ya mazishi ikikusanywa. Onyo hilo lina sababu za haki, kwa kuwa wasichana wadogo wamedhulumiwa katika mikesha hiyo na watoto wa shule wamejifunzia humo ulevi. Lakini jinsi linavyotolewa, mtu angedhani kwamba kucheza usiku ni tabia ngeni iliyozuka juzi na inayoweza kufutwa kwa tangazo la chifu. Historia ya mji huu ni tofauti. Kwa miongo kama mitatu tangu uhuru, usiku wa Kakamega ulikuwa na mahali pake, watu wake na taratibu zake, na mahali hapo palikuwa ukumbi wa dansi pamoja na baa yenye bendi. Makala haya yanashikilia kwamba disko matanga ni mabaki ya ukumbi huo uliopotea, na kwamba jamii iliyouacha ufe bila kuulilia ina deni la kuukumbuka kabla haijawahukumu vijana wake.

Kabla ya ukumbi, usiku ulikuwa mali ya sherehe. Waisukha na Waidakho, ambao ni miongoni mwa jamii za Waluhya zinazouzunguka mji wa Kakamega, walikuwa na isukuti, ngoma ya shangwe inayochezwa mtoto anapozaliwa, vijana wanapotahiriwa, watu wanapooana na mtu mzima anapozikwa, nayo huendeshwa na ngoma tatu za ukubwa tofauti, baragumu la pembe ya swala na njuga za chuma, kiongozi akiimba na wenzake wakiitikia. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiandikisha isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, hatua iliyokiri kwamba ngoma hiyo ni hazina na pia kwamba inadhoofika. Lililo muhimu hapa ni kwamba isukuti haikuwahi kuogopa msiba. Anayedai leo kwamba kucheza matangani ni kumvunjia marehemu heshima anatoa hoja ambayo wazee wa Shinyalu na Malinya wa karne iliyopita wangeishangaa, kwa maana kwao mzee aliyezikwa kimya ndiye aliyevunjiwa heshima.

Ujira wa fedha ndio ulioanza kuutenga usiku na sherehe. Dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931, wachimbaji wa Kizungu walimiminika, na migodi, ukiwemo ule wa Rosterman ulioendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, iliwaajiri Waafrika ambao sasa walikuwa na sarafu mfukoni na saa za mapumziko zisizopangwa na kalenda ya ukoo. Kwa upande mwingine zilikuwepo misheni, kama ile ya Marafiki, Wakristo waitwao pia Makweka, iliyofika Kaimosi mwaka 1902, na ile ya Wakatoliki ya Mukumu, ambazo zilileta shule na hospitali pamoja na mafundisho makali kuhusu pombe na ngoma za usiku. Kijana wa Kakamega wa miaka ya 1940 aliishi kati ya mambo hayo mawili, mshahara uliomwita nje na mahubiri yaliyomwita ndani, na chombo kilichompa njia yake mwenyewe kilikuwa gita.

Magita yalienea Magharibi mwa Kenya hasa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari waliporejea na wafanyakazi waliporudi kutoka mijini, na mwishoni mwa miaka ya 1950 wapigaji wa Kongo kama Mwenda wa Bayeke walipozuru Nairobi, mafundi wa gita la vidole walikuwapo tayari Kisa, Marama, Bunyore na Maragoli. Mkubwa wao alikuwa George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963 akiwa bado kijana, na ambaye wimbo wake Sengula Nakupenda ulivuka mipaka ya lugha na kabila. Mtindo wake uliitwa omutibo, jina la upigaji ambao kidole gumba hushika nyuzi nene na kwenda kwa hatua ya ngoma, ilhali kidole cha shahada huimba juu yake kwenye nyuzi nyembamba, hivi kwamba mtu mmoja husikika kama wawili. Aliyekamilisha bendi alikuwa mpiga chupa. Alishika chupa ya Fanta ya zamani, ile yenye mikunjo ya duara iliyopangana mwilini mwake, akaikwaruza mikunjo hiyo kwa kipande cha chuma na kuigonga pale mkwaruzo ulipoishia, na mlio huo mkavu ukaziba nafasi ambayo kwenye isukuti ingejazwa na njuga. Kundi la Abana ba Nasery kutoka Bunyore, la Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola, liliubeba ufundi huo hadi London, ambako mapema katika miaka ya 1990 lilirekodi albamu iliyosikilizwa na watu ambao hawakuwahi kuifikiria chupa ya soda kuwa ala ya muziki. Muziki huu ulipigwa arusini, kwenye vilabu vya busaa na matangani pia, kwa hiyo mpaka kati ya starehe na msiba haukuwa umechorwa bado.

Mpaka huo ulichorwa na mji. Wakati Mkoa wa Magharibi ulipoundwa mwaka 1963 na Kakamega kufanywa makao makuu yake, mji mdogo wa wachimba dhahabu na wenye maduka ulipata ghafla jeshi la makarani, walimu, askari polisi, wauguzi, wapimaji ardhi, mafundi wa barabara na madereva wa serikali, ambao wengi wao walihamishwa kutoka wilaya nyingine na hawakuwa na jamaa mjini wa kukaa nao jioni. Muongo mmoja baadaye kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza uzalishaji mwaka 1973, na kile cha karatasi cha Webuye kilichofuata mara moja, vikaongeza maelfu ya watu wanaolipwa kwa mwezi katika eneo ambalo hapo awali fedha zilionekana hasa baada ya mavuno. Mshahara wa mwisho wa mwezi ndio msingi wa kila klabu ya dansi duniani, na Kakamega ilipoupata msingi huo, baa zilipanua sakafu, zikajenga jukwaa la saruji pembeni na kuajiri wapiga muziki.

Nyimbo zilizochezwa humo zilikuwa tayari zina damu ya nyumbani. Daudi Kabaka, Mluhya aliyezaliwa Uganda, alikuwa mmoja wa nguzo za studio ya Equator Sound ya Nairobi katika miaka ya 1960, ambako pamoja na Fadhili William na wengineo walieneza twisti ya Kiafrika, dansi la magoti na kiuno lililokolezwa kwa mapigo ya kwela ya Afrika Kusini. Wimbo wake Helule Helule uliwafikia hata The Tremeloes wa Uingereza, waliourekodi mwaka 1968, jambo ambalo vijana wa Kakamega wa leo hawafundishwi shuleni na wangestahili kufundishwa. Baadaye likaja benga, muziki wa gita la haraka uliochimbuka kwa Wajaluo na kuenea nchi nzima, nao Waluhya wakaufanya wao kupitia wanamuziki kama Sukuma bin Ongaro na Jacob Luseno, ambaye Mukangala yake bado huwainua watu vitini katika arusi yoyote ya Magharibi. Juu ya hayo yote zilielea bendi za Wakongo na Watanzania waliofanya Nairobi kuwa makao yao, Super Mazembe, Les Mangelepa, Virunga ya Samba Mapangala, Simba Wanyika, ambazo nyimbo zao zilipofika kwa redio na kwa santuri, bendi ya mji mdogo ililazimika kuzijua zote, kwani mteja alilipia kiingilio ili achezee kile alichokisikia wiki nzima.

Wateja hao wa kila wiki ndio kiini cha jambo hili, nao ndio waliosahaulika zaidi. Historia ya muziki wa Afrika Mashariki imeandikwa kwa majina ya wapiga gita, kwa kuwa majina hayo yalichapishwa kwenye karatasi ya santuri, lakini klabu haikufanywa na mpiga gita peke yake. Ilifanywa na mwalimu aliyekuja na suruali iliyopigwa pasi ya makali kutoka shule ya kilomita 20, akijua kwamba Jumatatu atasimama mbele ya wanafunzi. Na karani wa mahakama aliyecheza rumba bila kuinua soli kutoka sakafuni, ambaye wengine walimpisha katikati. Na wachezaji wa mpira na mashabiki wa Abaluhya, timu iliyoundwa mwaka 1964 na kuitwa AFC Leopards tangu 1980, ambao ushindi wao ulisindikizwa kwa isukuti uwanjani na kumalizikia kwa bendi usiku. Katika ukumbi huo Mbukusu alicheza na Mwidakho, na Mmarama alinunuliwa bia na Mlogoli, bila mtu kuuliza ukoo, kwa sababu kilichowaleta pamoja hakikuwa damu bali kiingilio. Umoja wa Waluhya, ambao wanasiasa wameutafuta tangu miaka ya 1940 kwa mikutano na vyama na kuupata nusunusu, ulipatikana kwa saa chache kila Jumamosi pale ambapo lugha ndugu ziligongana na Kiswahili kikazisuluhisha. Wanahistoria wa siasa za Magharibi wangefanya vyema kuzihesabu saa hizo.

Wanamuziki wenyewe waliutambua uzito wa wateja hao. Katika benga na hata katika omutibo, mwimbaji huita majina: humtaja mwenye basi, mwalimu mkuu, fundi cherehani, bibi mwenye duka, kijiji chake na wakati mwingine mamake, kwa shukrani ya msaada au kwa ahadi yake. Upande wa Wajaluo desturi hii ilikuwa na jina na kanuni kamili. Iliitwa pakruok, ambapo mteja hulipa ili bendi isimame, akajisifu na kuwasifu rafiki zake kwa mafumbo, kisha muziki ukaendelea mpaka mwingine alipie zamu yake. Kakamega, iliyo karibu na Kisumu kwa mwendo wa saa moja hivi, haikukosa kuathiriwa na mchezo huo wa fedha na fahari. Msomi mwenye haraka huziona sehemu hizo za wimbo kuwa matangazo ya biashara na kuziruka, ilhali ndizo orodha pekee iliyobaki ya watu waliokalia viti vile. Hakuna ofisi ya serikali iliyoandika nani alikuwa mcheza dansi hodari wa Kakamega mwaka 1975, lakini santuri iliandika.

Wanawake wa ukumbi walitendewa isivyo haki wakati ule na hata katika kumbukumbu. Muuguzi aliyemaliza zamu, mfanyabiashara wa sokoni aliyelisha watoto kwa jasho lake, mhudumu aliyebeba chupa hadi alfajiri, wote waliwekwa katika fungu moja la lawama na majirani ambao hawakuwa na neno kwa wanaume waliokaa meza ile ile. Mwanamume aliyezeeka anaweza kusimulia usiku wake wa dansi mbele ya wajukuu na akachekewa kwa upendo. Mwanamke wa rika lake aliyecheza vizuri kumliko hunyamaza, kwa kuwa anajua simulizi yake itapokewa vipi. Ukimya huo umeondoa nusu ya ukumbi katika historia, na yeyote atakayeanza kukusanya kumbukumbu hizi hana budi kuanza na wanawake, kwa sababu ndio watakaochelewa zaidi kujitokeza.

Haifai vilevile kuupamba ukumbi kupita kiasi. Mishahara ya watoto wa watu iliishia kaunta, ndoa zilivunjika, na wapiga muziki walinyonywa waziwazi, kwa kuwa mara nyingi magita, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya mwenye baa, na mwanamuziki aliyegombana naye aliondoka mikono mitupu. Hata hivyo ukumbi ulikuwa na kitu kimoja ambacho disko matanga halina, nacho ni mlango. Palikuwa na mtu mlangoni aliyejua nani ni mtoto na nani ni mtu mzima, palikuwa na kiingilio kilichomzuia asiye na kipato, palikuwa na leseni ambayo mwenye baa aliogopa kuipoteza, na palikuwa na wateja wa siku zote ambao macho yao yalimtosha kijana mgomvi kabla hata hajakamatwa.

Kufa kwa ukumbi huo hakukuwa na siku moja wala mwuaji mmoja. Tofauti na Tanzania ndiyo inayoeleza mengi. Huko NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 na baadaye kuchukuliwa na shirika la maendeleo la Dar es Salaam, kwa hiyo mpiga muziki wa Tanzania alikuwa na mshahara, vyombo na ukumbi wa umma, na hali hiyo iliziwezesha bendi kudumu vizazi viwili. Kenya iliuachia muziki wa dansi soko huria, na soko lilipokuta mashine ya disko, yaani sahani mbili za santuri, kipaza sauti na kijana mmoja wa kuziendesha, halikuona sababu ya kuwalisha watu wanane. Kaseti za kunakiliwa zikakausha mapato ya kurekodi. Miaka ya 1990 ikaleta kubana matumizi ya serikali, kustaafishwa kwa watumishi kabla ya wakati na mishahara isiyofika mwisho wa wiki ya pili, na mteja wa kila Jumamosi akawa mteja wa mara moja kwa robo mwaka, kisha akabaki nyumbani. Webuye ilizima mitambo mwaka 2009. Mumias iliyumba kwa miaka hadi ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019. Katikati ya hayo, mwaka 2010, ilipitishwa Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi huiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeiwasilisha, na ambayo iliruhusu baa za kawaida kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi. Nia yake ilikuwa kuokoa maisha na familia, na hakuna mwenye akili atakayeipinga nia hiyo, lakini bendi huanza kuchangamka saa tatu, na bendi ya kufungwa saa tano ni hasara tupu kwa mwenye mlango. Amri ya kutotoka nje usiku, iliyodumu kuanzia Machi 2020 hadi Oktoba 2021 kwa ajili ya korona, ilizikuta kumbi zilizobaki zikiwa zimechoka tayari.

Kilichobaki wazi usiku kucha, bila leseni, bila kiingilio na bila saa ya kufungwa, kilikuwa matanga. Mwenye mitambo hukodiwa pamoja na jenereta, turubai hutundikwa, na mshereheshaji huendesha mnada wa kuchekesha ambapo mmoja hulipa shilingi 50 muziki uzimwe na mwingine akalipa 100 uwashwe, na mara nyingine mnada huo humgeukia binadamu, nani acheze na nani, na hapo ndipo hatari ilipo kwa msichana asiye na mtu wa kumtetea. Anayeusikiliza mnada huo kwa makini hutambua ndani yake pakruok iliyokosa mafumbo, sifa za benga zilizokosa gita, na isukuti iliyokosa wazee. Fedha zinazopatikana huenda kwenye jeneza, chakula na bili ya mochari, mzigo ambao familia maskini haiwezi kuubeba peke yake, na kwa hiyo amri ya kupiga marufuku inapotolewa bila njia nyingine ya kuchanga, mfiwa huwa wa kwanza kuivunja. Marufuku zimetolewa mara nyingi, na wanaozirudia wangejiuliza kwa nini zinahitaji kurudiwa.

Serikali za kaunti, zilizoanza kazi mwaka 2013, ndizo zenye mamlaka juu ya utamaduni, burudani na leseni za vileo, kwa hiyo swali la usiku wa Kakamega liko mezani pa kaunti yake bila kisingizio cha Nairobi. Kumbi za kijamii zisizouza pombe, zenye taa, walinzi na saa zinazojulikana, zingewapa wanafunzi wa shule na hata wale wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro mahali pa kucheza ambapo mtu mzima yupo, na bendi za vijana zikawa na jukwaa la kujifunzia. Gharama ya ukumbi mmoja wa namna hiyo ni ndogo ikilinganishwa na gharama ya kuwaadhibu watoto baada ya madhara kutokea, na anayesema kwamba vijana wasicheze kabisa hana mfano hata mmoja, katika historia ya Waluhya wote, wa kizazi kilichokubali.

Kazi ya kumbukumbu nayo haiwezi kungoja bajeti. Lebo ya Olvido ya Marekani imeshatoa upya nyimbo za Mukabi katika albamu iitwayo Furaha Wenye Gita, na santuri za zamani za Kenya hununuliwa na wakusanyaji wa Ulaya kwa bei ambayo waliozirekodi hawakuiona maishani mwao. Wageni hao wanatafuta sauti, na sauti wanaipata. Wasichoweza kukipata wakiwa Portland au Berlin ni maelezo ya kila jina linaloitwa katikati ya wimbo: alikuwa mke wa nani, alifundisha shule gani, alicheza na nani usiku ule bendi ilipomwimba. Maelezo hayo yako Khayega, Butere, Khwisero na Lurambi, kwa watu waliokaribia miaka 80, na mwanafunzi mmoja wa historia mwenye simu ya kurekodi na orodha ya nyimbo 20 angeweza kuianza kazi hiyo Jumamosi ijayo.